Maswali ya Wasomaji: Duka la Vitabu Linapochangisha kwa Ajili ya Watoto

Barua za mara hii nyingi zinazungumzia jambo moja: duka la vitabu linatenga siku, wateja wananunua, na sehemu ya kinachopatikana inageuka vitabu vya kusoma kwa watoto wa shule ya jirani. Tumezijibu kwa pamoja. Bei zilizomo ni za mfano, kwa shilingi za Tanzania; wewe weka za dukani kwako.

Nina duka dogo la vitabu na vifaa vya shule. Nataka kutenga Jumamosi moja niichangie shule ya msingi iliyo mtaa wa pili. Wenzangu wananishauri nitangaze kwamba "nusu ya faida itakwenda kwa watoto". Je, nitaweza kuimudu? — Mwenye duka, Morogoro

Neno "faida" liache. Kila mtu analisikia kivyake: mteja anadhani ni nusu ya alichotoa mfukoni, mwalimu anadhani ni nusu ya droo ya jioni, na wewe unajua ni nusu ya kinachobaki ukishalipa pango, umeme na kijana wa kaunta. Jumatatu mtakuwa mnatazamana vibaya. Tangaza asilimia ya mauzo, kabla ya kutoa gharama yoyote, na uandike ni mauzo ya nini.

Chukua kitabu cha hadithi cha rejareja 6,000. Mchapishaji akikupa punguzo la asilimia 35, umekipata kwa 3,900 na unabaki na 2,100. Ukitoa asilimia 15 ya mauzo, 900 inakwenda kwa watoto, wewe unashika 1,200. Ukitoa asilimia 20, ni 1,200 kwao na 900 kwako. Hapo duka linavumilia siku moja, si wiki nzima. Asilimia 30 inakuachia shilingi 300 kwa kitabu, maana yake hata mfuko wa kufungashia unautoa mfukoni mwako. Na hii ni hadithi. Vitabu vya kiada vina punguzo dogo zaidi, madaftari na kalamu ndiyo kabisa, kwa hiyo tangazo liseme wazi: "vitabu vya hadithi pekee".

Sasa tazama upande wa pili. Tuseme siku hiyo umeuza hadithi za 1,500,000 na umeahidi asilimia 20. Hizo ni 300,000. Ukiwapa shule fedha taslimu nao wakanunua kwa bei ya rejareja, watapata vitabu 50. Ukiwanunulia wewe kwa bei yako ya jumla, ni vitabu 76 na chenji ya 3,600. Vile 26 vya ziada havikukugharimu kitu. Vimetokana na punguzo ambalo tayari ni lako. Kwa hiyo toa vitabu, fedha taslimu hapana.

Kuhusu risiti: kila mauzo yatolewe risiti ya EFD, ile mashine ya risiti ya kodi, kwa kiasi kamili alicholipa mteja, kama siku zote. Mchango unautoa baadaye kutoka kwenye mapato ya duka, na shule inakuandikia barua ya kupokea yenye orodha ya vitabu na muhuri. Mteja anayetaka tu kuacha 10,000 ya mchango bila kununua chochote, mkatie stakabadhi ya mkono kwenye kitabu tofauti, na fedha hiyo isiingie droo ya mauzo hata kwa dakika tano.

Hata hivyo vitabu 76 kwa shule yenye darasa la kwanza la watoto 120 ni vichache. Ndiyo maana sisi tunapendelea njia ya kadi, inayoulizwa hapa chini.

Nimesikia kuna maduka yanayoweka ubao wa kadi, mteja anachagua kadi na kumlipia mtoto kitabu. Unaendeshwaje? Na kadi zisipotee? — Msimamizi wa duka, Arusha

Kadi moja ni nakala moja ya kitabu kimoja. Hapo ndipo nguvu yake ilipo: mteja hachangii "elimu", ananunua kitabu chenye jina, anakiona kikiingia kwenye boksi.

Kata karatasi ngumu ya A4 vipande vinane. Kila kipande kiwe na jina la kitabu, darasa, bei na namba, kisha chora mstari wa kuchania, namba ile ile ijirudie pande zote mbili. Mteja anabandua kadi ubaoni, anakuja nayo kaunta pamoja na vitabu vyake mwenyewe, analipa, anapewa risiti. Mhudumu anachana: kipande kikubwa anampa mteja, kishina anakitumbukiza kwenye kopo. Halafu, kabla ya kumhudumia anayefuata, anakitoa kitabu rafuni na kukitia kwenye boksi la shule. Usisubiri jioni. Duka likichangamka, kitabu kilicholipiwa saa 5 kinauzwa tena saa 7 kwa mtu mwingine, na wewe unabaki na kishina kisicho na kitabu. Mwisho wa siku vishina vya koponi, vitabu vya boksini na mauzo ya kadi kwenye ripoti ya mashine vinapaswa kulingana. Visipolingana, mkosaji huwa ni kadi iliyobanduliwa na mtoto mtundu ikaachwa kwenye rafu ya kamusi. Kwa hiyo weka ubao nyuma ya kaunta au kando yake, si mlangoni.

Bei nayo ifikirie. Ile asilimia 20 uliyokuwa uitoe mwisho wa siku, ipunguze kwenye kadi yenyewe: kitabu cha 6,000 kadi yake iandikwe 4,800. Wewe bado unabaki na 900 ile ile, lakini sasa mteja anaona kwamba duka limetangulia kutoa, na mkono unamwendea mfukoni upesi. Kwa vitabu 120, mgawanyo unaofanya kazi ni kadi 60 za 2,400, kadi 45 za 4,000 na kadi 15 za 6,400. Jumla ni 420,000. Ukiweka nyingi za bei ya juu zitabaki ubaoni mpaka unafunga.

Usizibandike zote 120 asubuhi. Ubao uliojaa unamwambia mteja kwamba hakuna aliyetoa. Anza na 40, uache mapengo yaonekane, ongeza kidogo kidogo. Saa mbili za mwisho, zile za 6,400 ruhusu watu wawili wachangie moja.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuandika kadi tano za kitabu ambacho una nakala mbili. Orodha ya shule ikishapatikana, chukua vitabu kwa wachapishaji kwa mali kauli, yaani unalipia vilivyouzwa na kurudisha vilivyobaki, wiki mbili kabla, na hati ya kupokelea mzigo ioneshe idadi, hali na tarehe ya mwisho ya kurudisha. Vile vya kurudisha usivigandishe stika ya bei kwenye jalada, maana ikibanduka inaondoka na rangi na mchapishaji atavikataa. Andika bei kwa penseli ndani ya jalada la nyuma.

Wateja wengine wataomba kuandika neno ndani ya kitabu. Wape lebo ndogo ya "Kimetolewa na…", jina tu. Namba ya simu isiwekwe: kitabu hicho kinakwenda mikononi mwa mtoto.

Duka limetuomba orodha ya vitabu vya darasa la kwanza hadi la tatu. Watoto wengi wa darasa la pili bado wanahangaika na silabi. Tuagize vya namna gani, na nakala ngapi? — Mwalimu, Tanga

Mwalimu, orodha yako ndiyo inayoamua kama mchango huu utasomwa au utapigwa picha tu, kwa hiyo usiwaachie watu wa duka wachague. Wao watachagua kinachopendeza kwenye jalada.

Anza na unachokijua kutokana na mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), uliotumika darasa la kwanza na la pili tangu 2015: mtoto anatoka kwenye irabu, anakwenda ba-be-bi-bo-bu, ndipo anafika kwenye silabi zenye konsonanti mbili na tatu. Fungua kitabu chochote cha hadithi na uhesabu maneno yenye ng', mbw, nyw, njw na ndw katika kurasa tatu za mwanzo. "Baba ana bata" hata anayeanza analipata. "Mbwa wa Ng'wanza alinywa uji" ni sentensi fupi yenye mitego mitatu. Wachapishaji wengi huandika "darasa 1–2" kwenye jalada kwa kutazama urefu wa sentensi, si silabi zilizomo.

Kisha mpime mtoto mwenyewe. Mpe ukurasa mmoja asome kwa sauti, akikwama neno akunje kidole. Kwa darasa la tatu, vidole vitano kwenye ukurasa mmoja ni ishara kwamba kitabu ni kigumu. Kwa darasa la kwanza na la pili, ambako ukurasa una maneno 10 hadi 20, vidole viwili au vitatu vinatosha kukuambia usogee chini. Wapime watoto sita: wawili wazuri, wawili wa kati, wawili wanaosota. Ni kazi ya nusu saa, na inakuepusha kuagiza boksi zima lisilosomeka.

Umbo la kitabu. Kurasa 8 hadi 24, mstari mmoja hadi minne kwa ukurasa, herufi za pointi 20 au zaidi, na picha inayosema kile kile kinachosemwa na maneno. Kagua herufi a: iwe ile unayoiandika ubaoni. Kagua mgongo: kilichobanwa pini mbili katikati kinaishi kuliko kilichogandishwa gundi, ambacho kikifunguliwa kwa nguvu mara ishirini kurasa zinaanza kumwagika. Vya gundi vikiwa ni lazima, viwe vya darasa la tatu kwenda juu.

Nakala. Watu wa kuchangia hupenda vitabu 120 tofauti, inaonekana utajiri. Darasani haifanyi kazi. Kundi la watoto 10 wakisoma wawili wawili wanahitaji nakala 5 za kitabu kile kile. Kwa vitabu 120 sisi tungeagiza hivi: majina 10 kwa nakala 5 kila moja, hivyo 50, vikubwa vya A3 vya mwalimu kusomea mbele ya darasa, 4, na 66 vilivyobaki viwe nakala moja moja za kuazima kwenda nyumbani, theluthi yake viwe vyepesi kuliko unavyodhani vinahitajika. Mtoto akipeleka nyumbani kitabu asichokiweza anakirudisha kesho yake, na wiki ijayo haji kuazima.

Vya Kiswahili havikosekani. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulioanzishwa 1991 uliwasukuma wachapishaji wengi wa ndani kutoa hadithi za watoto, na maduka makubwa yanazo. Omba katalogi, usisubiri kilichopo rafuni.

Kamati yetu ina mgeni rasmi, fulana 40 na mnada wa keki. Mwaka jana ahadi zilikuwa 2,000,000, zilizolipwa hazikufika hata nusu. Tunakosea wapi? — Kamati ya wazazi, Mwanza

Fulana 40 kwa 12,000 ni 480,000. Kwa bei ya jumla ya 3,900 hivyo ni vitabu 123. Anzieni hapo.

Ahadi hazilipwi kwa sababu zilitolewa mbele ya kipaza sauti, na anayetoa anaitikia shangwe ya siku ile. Kama lazima muwe nazo, andikeni papo hapo: jina, kiasi, tarehe ya kulipa isiyozidi siku 14, na sahihi. Mtu mmoja, si kamati nzima, afuatilie kwa simu siku ya 3 na ya 10. Kumbukeni pia kwamba aliyeahidi 100,000 atalipa 30,000 kwa furaha mkimwambia hiyo ni seti ya vitabu vitano. Muhimu zaidi, msiagize hata kitabu kimoja kwa kutegemea ahadi. Oda iendane na fedha iliyokwisha kuingia.

Keki ni nzuri, iuzwe nje. Juisi na vidole vya krimu vikifika kwenye meza ya vitabu vya mali kauli, vilivyochafuka mnavinunua ninyi.

Mgeni rasmi mpeni kazi: akae mkekani saa 4 asubuhi awasomee watoto hadithi moja kwa dakika 15. Asome kitabu kilichomo kwenye kadi. Nakala za kitabu hicho zitaisha kabla hajainuka.

Watoto wetu wameambiwa wapite majumbani na karatasi za kuchangisha. Ni sawa? — Mzazi, Dodoma

Hapana. Mtoto anayetembea na fedha za watu ni hatari kwake, na karatasi yenye mistari ya kujaza humfanya asiyepata mchangiaji aone aibu kurudi darasani. Zaidi ya hapo, elimumsingi katika shule za serikali haina ada tangu 2016 na mchango wa mzazi ni wa hiari. Mtoto hapaswi kuulizwa wala kuzuiwa kwa sababu yake. Zungumza na mwalimu mkuu kwanza, kisha kamati ya shule, kisha afisa elimu kata.

Tarehe gani inafaa? Tulifikiria 23 Aprili, Siku ya Vitabu Duniani. — Mwenye duka, Dar es Salaam

Aprili kwenu ni masika, na tarehe 23 mishahara bado. 8 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Kisomo, inaangukia baada ya mshahara na barabara ni kavu. Kasoro yake ni kwamba Septemba ni mwezi wa mtihani wa darasa la saba, mwalimu mkuu hashikiki, kwa hiyo orodha na makubaliano yote yakamilike Julai. Januari msijaribu: mzazi ana sare na viatu kichwani.

Niko Toronto. Mimi na wenzangu tumekusanya boksi 30 za vitabu vya watoto vilivyotumika, tunataka kuzileta kijijini kwetu Kilimanjaro. — Msomaji, Kanada

Kabla ya kulipia meli, fungueni boksi tatu mhesabu vingapi mtoto anayejifunza kusoma kwa Kiswahili atavisoma mwenyewe. Mkishaondoa vya Kiingereza vya ngazi ya juu, vya kiada vya mtaala wa huko na vilivyokwisha kujazwa majibu, vinabaki vichache mno. Hata pale ambapo kitabu hakitozwi ushuru, kuna wakala, bandari, ghala na lori la kwenda kijijini, na mpokeaji ndiye anayekamatwa na madeni hayo. Viuzeni huko huko kwa bei ya chini, fedha itumwe kwa duka la Moshi au Arusha kwa ankara yenye orodha ya vitabu alivyovitaja mwalimu. Vizuri vya picha, boksi moja tu, mje navyo mkija likizo.

Duka letu lina mashine ya kuchapa. Tunaweza kuchapa hadithi za bure za mtandaoni tuzitoe siku hiyo? — Msomaji, Mombasa

Inategemea leseni. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini ulioanza 2014, una hadithi nyingi za Kiswahili zenye leseni huru, na leseni ya kila hadithi imeandikwa ndani yake. Ikiwa na sharti la kutofanyia biashara, gawa bure, usiitundikie kadi. Majina ya mwandishi, mchoraji na mfasiri yabaki.

Kurasa zigawanyike kwa 4. Hadithi ya kurasa 16 ni karatasi 4 za A4 zilizokunjwa kuwa A5. Jalada liwe la karatasi ngumu, pini mbili mgongoni kwa stepla ndefu. Chapa nakala moja kwanza uikunje: kosa la kawaida ni upande wa nyuma kutoka kichwa chini, na linagundulika zikishachapwa mia.

Tulichangia vitabu, leo mwezi wa nne vimefungiwa kabatini ofisini. Tufanyeje? — Mzazi, Pangani

Msimlaumu mwalimu mkuu haraka. Vitabu vimeingia kwenye daftari la mali za shule, na kikipotea ataulizwa yeye. Kabati ndiyo kinga yake. Mwondoleeni hofu kwa maandishi: kamati ya shule ikae, ikubali kwenye muhtasari kwamba kitabu kimoja kati ya kumi kuchakaa au kupotea kwa mwaka ni matumizi ya kawaida, na kwamba mzazi hatatozwa. Muhtasari huo ukishasainiwa, funguo huanza kulegea.

Kisha rahisisheni kazi. Kila kitabu kipate namba ya usajili, muhuri kwenye ukurasa wa jina na mwingine ukurasa wa 7, ili ukurasa wa mbele ukichanwa bado kijulikane ni cha shule. Daftari la kuazima liwe na safu nne tu: tarehe, jina la mtoto, namba ya kitabu, kilirudi lini. Safu zikizidi, mwalimu mwenye watoto 80 hataijaza. Wanafunzi wawili wa darasa la sita wanaweza kulishika, siku moja kwa wiki, mapumziko ya saa 4.

Pangani mna unyevu na mchwa. Rafu isiguse ukuta, acheni nafasi ya upana wa kiganja, na miguu yake isimame kwenye makopo yenye oili chafu, yakaguliwe kila mwezi kwa sababu vumbi likijaa juu ya oili mchwa hupita kama darajani. Vitabu visibanwe sana. Kidole kiweze kuingia kati yake. Baada ya mvua vianikeni kivulini penye upepo vikiwa wazi, si juani, maana jua hukausha gundi na kukunja majalada.